Punda wa kogo alikuwa na tumbo kubwa, sisi tukasema ameshiba

UKIFIKA ocha baada ya miezi mitatu Nairobi, hakimu wa kwanza hukungoja langoni. Hajakuuliza safari ilikuwaje, tayari ameshatoa hukumu: "Umekonda! Kwani huko hamli?" Ukiwa na bahati, hukumu ni ile nyingine: "Aki umenona, Nairobi imekukubali." Hakuna mizani wala swali. Ni jicho tu, na jicho likishasema, kesi imekwisha.

Mimi hukumu hiyo nimeizoea. Shangazi zangu wakisema nimekonda, naongeza ugali na yanaisha. Leo nataka kumsemea mwingine tunayemhukumu kwa jicho hilo hilo, ila yeye hawezi kujitetea wala kujiongezea sahani. Ni punda.

Najua, najua. Umefungua ukurasa wa vijana ukitarajia mambo ya ajira au mapenzi, umepewa punda. Nivumilie.

Kwetu ni Bomet, upande wa Silibwet. Majani chai yako juu kwenye mteremko, mto Nyangores uko chini, na katikati kuna njia ya udongo mwekundu ambayo mvua ikinyesha inageuka sabuni. Nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tunamwita kogo kama Wakipsigis wote, ana mfereji ambao hutoa maji siku ukipenda. Siku nyingine zote maji hutoka mtoni, na kutoka mtoni hadi nyumbani hubebwa na punda. Punda huyo huyo hupeleka maziwa asubuhi, na siku ya kuchuma hupeleka majani kwenye kituo. Kwa ufupi, nyumba ile inasimama juu ya miguu minne, na miguu hiyo si ya meza.

Punda wetu ni jike. Tulimpa jina Mrembo tukiwa watoto.

Disemba moja nilipoenda nyumbani nilikuta tumbo la Mrembo limekuwa kama pipa. Jirani akasema ana mimba. Binamu yangu akasema si mimba, ameshiba tu, nyasi za huku hazina mchezo. Mimi nikapiga video nikaiweka kwenye simu nikiandika kwamba Mrembo ananona kuliko sisi. Watu wakacheka, wakaweka mioyo. Tukaamua ni mimba.

Kwa asiyejua, punda hubeba mimba kwa takriban miezi 12, na wengine husogea hadi 13 au 14. Kwa hivyo tulisubiri. Aprili tukasubiri. Agosti tukasubiri. Disemba iliyofuata tukaanza kuulizana kwa aibu kama pengine tulikosea hesabu. Wakati huo wote Mrembo aliendelea kupanda ule mteremko na mitungi minne, na kila mwezi alikuwa mzito zaidi wa mwendo. Alikuwa akisimama katikati ya njia. Tulisema ni ukaidi wa punda, au uvivu wa mjamzito. Fimbo ilitumika. Naandika hili bila kujisifu: fimbo nyingine niliishika mimi.

Mwezi wa Aprili uliofuata, afisa wa mifugo alikuja kwa jirani kumtazama ng'ombe aliyekuwa na homa. Wakati anaondoka alipita uani kwetu, akamwona Mrembo, akasimama. Hakusema kitu. Alienda akaweka kiganja ubavuni mwake, akakisukuma taratibu chini ya yale manyoya marefu ya msimu wa baridi na mvua. Kisha akaniita.

"Weri, lete mkono wako hapa."

Niliweka. Chini ya manyoya hapakuwa na nyama. Palikuwa na mbavu, moja, nyingine, nyingine, kama unapitisha vidole juu ya mabati. Akausogeza mkono wangu mgongoni: uti wa mgongo ulikuwa umesimama kama ukingo wa paa. Nyonga nazo zilikuwa mifupa miwili iliyofunikwa ngozi. Hilo tumbo tulilolisubiri lizae lilikuwa la minyoo, la uzee, na la nyasi ngumu ambazo hazikutafunwa vizuri, kwa sababu alipomfungua mdomo tuliona magego ya nyuma yamekuwa makali upande mmoja kama kisu. Kumbe vile vibonge vya nyasi vilivyolowa ambavyo tulikuwa tukivikuta chini karibu na hori, tukifagia kila asubuhi, ni chakula alichoshindwa kukimeza akakitema.

"Nani aliwaambia huyu ana mimba?" akauliza. Hakuna aliyejibu. Kogo aliingia jikoni na hakuzungumza na mtu hadi jioni.

Ndiyo maana nasema jicho ni hakimu mbaya. Na sisemi jicho la kijana wa mjini tu. Kogo amefuga tangu akiwa msichana. Akimtazama ng'ombe anakwambia siku atakayopandwa. Lakini hata yeye alidanganyika, na sababu ni kwamba mwili wa punda una hila zake.

Hila ya kwanza ni manyoya. Huku kwetu kwenye chai baridi ni baridi kweli, na punda hufuga manyoya mazito yanayofunika mbavu kama sweta kubwa linavyomfunika mtu aliyekonda. Hila ya pili ni tumbo. Ukubwa wa tumbo haukuambii punda ana mafuta kiasi gani, unakuambia tu kilichomo ndani: nyasi, minyoo, mtoto, au misuli iliyolegea kwa umri. Hila ya tatu ndiyo mbaya zaidi. Punda akiwahi kunenepa, mafuta hujikusanya mahali pa ajabu, juu ya shingo na kando ya makalio, yakawa mabonge. Mabonge hayo yanaweza kuwa magumu na kubaki hapo hata baada ya mwili wote kuisha. Mrembo alikuwa nayo mawili makalioni. Ukimtazama kwa nyuma ungeapa kwamba ni punda wa tajiri.

Kwa hivyo watu wanaojua kazi hii hawatazami tu, wanashika. Wana kipimo cha alama 1 hadi 5. Moja ni mifupa mitupu, tano ni unene uliopita kiasi, na tatu ndipo punda anatakiwa awe. Wanashika shingo na mabega, wanashika mbavu, wanapitisha mkono mgongoni, wanamalizia nyuma kwenye nyonga. Kila sehemu inapewa alama yake, kisha wanaamua. Kwa farasi kuna kipimo kingine, cha 1 hadi 9, ambacho mtafiti Don Henneke na wenzake walikitoa mwaka 1983 huko Texas, na nacho pia kinategemea vidole kama vile kinavyotegemea macho.

Afisa yule alinifundisha njia ambayo haihitaji karatasi, na unaweza kuijaribu hapo ulipo kabla hujaendelea kusoma. Kunja ngumi. Pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo. Ukigusa mbavu za punda na zikahisi hivyo, amekonda, mpunguzie kazi umtafutie matibabu. Sasa kunjua ngumi, ugeuze mkono, upitishe vidole mgongoni mwa kiganja. Mifupa ipo, unaihisi ukigandamiza kidogo, lakini imefunikwa. Huyo ni punda mzima. Mwisho, bonyeza ile nyama chini ya kidole gumba. Mbavu zikijificha hivyo, punda ni mnene kupita kiasi na shida inakuja.

Ndiyo, unene nao ni shida, na hapa ndipo wasee wengi hunibishia. Kwetu mnyama aliyenona ni fahari ya boma. Lakini punda asili yake ni nchi kavu, mwili wake umeundwa kuishi kwa kidogo. Mlete Kericho au Bomet juu, ambako mvua hainyimi na nyasi ni kijani karibu mwaka mzima, mfunge kwenye shamba la nyasi nzuri asifanye kazi, na utamharibu kwa wema. Kwato zake hupata ugonjwa wa kuvimba ndani, akawa anatembea kama anayekanyaga makaa. Ukiongeza matope yanayolainisha kwato, umemaliza kazi. Kibaya zaidi, punda mnene akiacha kula ghafla, pengine kwa maumivu au kwa sababu mwenzake ameuzwa, mwili hukimbilia yale mafuta kwa fujo, yakajaa kwenye damu, ini likashindwa. Anaweza kufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo hata kumkondesha punda mnene ni kazi ya taratibu, si ya kumfungia njaa.

Huko Uingereza wana shida hii kwa kiwango kingine. Kuna maonyesho ya farasi wadogo, poni, wanaochanwa na kung'arishwa, kisha jaji anawazunguka na kumvisha mmoja utepe. Kwa miaka mingi mashirika ya kutetea wanyama huko yamelalamika kwamba poni wanaopewa tepe ni wanene mno, na kwamba jaji akimpa mnene ushindi, wafugaji wote uwanjani wanarudi nyumbani kunenepesha wao. Hilo lilinigusa. Jaji mmoja mwenye jicho baya anaharibu wanyama ambao hajawahi kuwaona.

Sisi majaji wetu ni nani? Ni sisi wenyewe, njiani, kila siku. Na huku tatizo kubwa zaidi ni lile la kukonda. Ukishuka kutoka kwenye chai kuelekea Sigor na Chebunyo, upande wa Chepalungu, nchi inakauka, visima vinakuwa mbali, na punda wanaobeba maji wanaonyesha mbavu bila hata kuguswa. Tunawapita tukiwa kwenye matatu. Tunasema, "Punda ndivyo alivyo."

Hebu tufanye hesabu ya shule ya msingi. Mtungi mmoja ni lita 20, kwa hivyo kilo 20. Minne ni kilo 80. Chukua punda wa kilo 130, ambaye si mdogo kwa punda wetu. Mzigo wake umepita nusu ya uzito wake. Wewe ukiwa na kilo 70, hiyo ni sawa na kubebeshwa kilo 43, si mbali sana na mfuko wa saruji, kutoka mtoni hadi juu kilimani, mara tano kwa siku, ukiwa na minyoo na jino bovu, na nyuma yako kuna mtu mwenye fimbo anayesema wewe ni mvivu. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi kama thuluthi ya uzito wa punda. Kwa huyu wetu hiyo ni mitungi miwili. Na sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inataja kumbebesha mnyama kupita kiasi kuwa kosa. Iko kwenye vitabu. Njiani haionekani.

Halafu kuna jambo moja linaloniuma. Kuna wakati Wakenya walianza kumtazama punda kwa makini ajabu, wakajua bei yake na ngozi yake. Ni pale vichinjio vya punda vilipofunguliwa kuanzia 2016, ngozi zikawa zinasafirishwa hadi China kutengenezewa dawa iitwayo ejiao. Wezi waliingia maboma usiku. Watu waliamka wakakuta kamba tupu. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini, ile ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Februari 2020 aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo, mahakama ikaondoa marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Muungano wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda barani kote. Yaani mnyama huyu ametubebea maji tangu babu zetu, lakini aliyemkagua kwa bidii alikuwa mwenye kisu.

Kwenye maonyesho ya kilimo niliyohudhuria nikiwa shule, ng'ombe wa maziwa ndiye alikuwa bibi harusi. Anaoshwa, anapigwa brashi, anazungushwa mbele ya jaji mwenye koti jeupe, anakaguliwa kiwele, mgongo na miguu, anapewa utepe. Mbuzi na kondoo nao wana zamu yao. Punda? Punda alikuwa nje ya ua, amefungwa kwenye mti, ameleta maji ya kuwaoshea ng'ombe hao.

Hoja yangu ni kwamba aingizwe uwanjani. Si utani. Lamu, ambako punda ndiye gari la mji, kumekuwa na tuzo za punda zinazoandaliwa na watetezi wa wanyama, na anayeshinda ni yule aliyetunzwa vizuri zaidi, si mkubwa wala mwenye mbio. Mbio wanazo pia, wakati wa sherehe za Maulidi, lakini hilo ni jambo jingine. Kama Lamu imewezekana, Kericho na Bomet tuna nini? Kila mwaka kaunti hupenda kuandaa mashindano ya vijana: kandanda, riadha, hata kuchuma majani chai. Ongezeni moja. Wafugaji walete punda wao wa kazi, wale wale wa kila siku, bila kuwapaka mafuta. Jaji asitoe alama yoyote kwa tumbo wala urefu. Ashike mbavu. Atazame mgongo kama una vidonda vya tandiko, afungue mdomo, ainue kwato. Alama tatu kwa tano ipate utepe, na mnene wa alama tano asipate kitu, ili tusirudie kosa la Waingereza.

Nitaambiwa watu wenyewe hawajala, nani atashughulika na mbavu za punda. Nimeisikia hoja hiyo kwa binamu yangu, tena kwa sauti ya juu. Lakini mkono ni bure. Kijana wa boda huamka asubuhi akabonyeza tairi kabla hajapakia abiria, na hakuna anayemwambia kwamba anaipenda pikipiki kuliko watu. Anajua tairi likiisha upepo, siku imeisha. Punda akiisha nyama ni hivyo hivyo, ila yeye hana duka la vipuri. Tulilipa shilingi 20 kwa kila mtungi kuletewa maji na boda wakati Mrembo anapumzika, mitungi minane kwa siku, na niamini, baada ya wiki mbili binamu yangu aliacha kubishana.

Na hii kazi ni yetu sisi vijana hasa. Ni sisi tunaotumwa mtoni likizo ikifika. Ni sisi wenye simu, tunaopiga video za punda aliyelala na mzigo njiani tukaweka muziki wa kuchekesha. Ile video yangu niliifuta. Baadaye nilijuta kuifuta, maana ningeweza kuiweka tena nikionyesha kila kitu nilichokiona na sikukijua: manyoya, tumbo, yale mabonge mawili nyuma.

Mrembo alipewa dawa ya minyoo, meno yakapigwa tupa, akawa anakatiwa nyasi laini na kulowekewa pumba. Hakupona haraka. Nilipoenda Agosti, nilikunja ngumi nikajipima, kisha nikamshika ubavuni: bado vifundo, lakini si mabati tena. Disemba nilihisi mgongo wa kiganja, karibu. Sasa hubeba mitungi miwili, na njia ya kupanda kilima anasimama akitaka. Hakuna anayemgusa.

Kogo ana desturi mpya. Kila jioni akimfungia, hupitisha mkono ubavuni mwake kabla ya kufunga lango, harakaharaka, kama mtu anayehakikisha ufunguo uko mfukoni. Wiki iliyopita jirani yule yule alimleta punda wake uani na kumwambia kogo atazame, punda ana mimba. Kogo hakutazama. Alinyoosha mkono.